Uzi wa Tano

Msomaji mpenzi, tuseme umekabidhiwa fedha. Si fedha yako. Ni ya kwaya ya vijana wa Ntimaru, iliyochangwa kidogo kidogo na wazazi ambao wengi wao hulima mahindi na tumbaku, na ambao kila shilingi waliyotoa ilikuwa na kazi nyingine ikiingojea nyumbani. Umetumwa mjini kununua gitaa la besi, kwa kuwa wewe ndiwe utakayelipiga. Dukani yametundikwa magitaa mawili. La kwanza lina nyuzi nne, sumaku moja ya kunasia sauti, na vifundo viwili vya kuzungusha. La pili lina nyuzi tano, sumaku mbili, vifundo vitano na betri tumboni. La pili litakula fedha yote. La kwanza litabakiza akiba. Utachukua lipi, na kwa haki gani?

Usijibu upesi. Mkono wako umekwisha kunyoshwa kuelekea la pili, nami sikulaumu, maana hata mimi ningetazama huko kwanza. Walakini yafaa kujiuliza: mtu asemapo "nataka", ni kiungo gani chake kisemacho? Sikio lina matakwa yake, na mkono una yake, na bega pia. Na jicho, ambalo halipigi muziki hata kidogo, ndilo lenye matakwa mengi kuliko yote.

Hebu tuangalie jinsi chombo hiki kilivyozaliwa. Zamani mpiga besi alisimama na fidla kubwa iliyomzidi kimo, yenye urefu wa karibu mita 1.8. Kuisafirisha ilikuwa taabu, kuisikia katikati ya ngoma na tarumbeta ilikuwa taabu zaidi, na kwa kuwa shingo yake ni laini isiyo na alama, kidole kilichokosea kidogo kilitoa sauti ya uongo. Mwaka 1951 Leo Fender wa California, fundi wa redio ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa, alitoa besi ya umeme inayovaliwa begani. Shingoni alipanga vijiti 20 vya madini ili kila sauti iwe na kituo chake, na kwa ajili ya usahihi huo akaiita Precision. Pembe ya juu ya mwili aliirefusha ili chombo kikae sawa kwenye mkanda, shingo isiangukie chini. Mwaka 1954 kingo zilizokuwa zikiumiza mbavu zilichongwa zikawa za mviringo. Mwaka 1957 sumaku iligawanywa vipande viwili, na mvumo wa umeme uliokuwa ukiwaudhi wachezaji ukapungua. Mwaka 1960 ikaja besi nyingine, Jazz Bass, yenye shingo nyembamba na sumaku mbili: iliyo karibu na shingo hutoa sauti nene na laini, iliyo karibu na mkia hutoa sauti kali, na mchezaji huzichanganya apendavyo.

Waona kwamba aghalabu badiliko lilijibu lalamiko la mtu aliyekuwa kazini. Mmoja alikuwa na mbavu zinazouma, mwingine alikuwa hasikiki.

Hata uzi wa tano una asili ya heshima. Katika miaka ya 1980 vinanda vya umeme vilianza kutoa sauti za chini kuliko uzi mnene wa besi. Uzi huo hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Mpiga besi akajiona ameachwa juu ya dari hali nyumba yajengwa chini yake. Akaongezewa uzi mwingine, utetemao mara 31 hivi. Basi sitakuambia, kama wasemavyo baadhi ya wazee, kwamba nyuzi nne zatosha kwa kuwa ziliwatosha wa jana. Mwenye kusema hivyo angepaswa pia kuikataa besi ya umeme yenyewe, na kubeba fidla yake kichwani mpaka Kehancha.

Lakini fanya hesabu pamoja nami. Gitaa la nyuzi nne lenye vituo 20 lina mahali 84 pa kutolea sauti, ukihesabu na nyuzi zilizo wazi. Sauti zilizo mbalimbali ni 36 tu, kwa sababu nyingi hupatikana mahali zaidi ya pamoja. Ongeza uzi wa tano: mahali pa kutolea sauti ni 105, na sauti mbalimbali ni 41. Ndiyo kusema unanunua sauti 5. Hapana shaka unanunua na wepesi pia, maana mkono hauna haja ya kukimbia sana shingoni. Lakini sauti mpya ni hizo 5, na swali lililo mbele yako ni dogo kuliko ulivyodhani. Je, waweza kuutaja wimbo mmoja wa kwaya yako uliohitaji mojawapo ya hizo 5, ukaikosa? Ukiutaja, sikio lako ndilo lililosema. Usipoutaja, nina shaka na jicho.

Huko kwenu Ukuria swali hili halikuanza na umeme. Iritungu, kinubi kikubwa cha Wakuria, kina nyuzi nane zilizofungwa kwenye mti wa juu na kushuka juu ya ngozi iliyowambwa. Hakina vituo vya shingoni. Uzi mmoja, sauti moja. Mpigaji ana sauti nane na hapati ya tisa mpaka abadili mkazo wa uzi. Sauti yake ni nzito na yenye mvumo, nayo huwabeba wachezaji waliovaa viatu vizito vya mbao. Jirani zao Abagusii wanayo obokano, na Wajaluo wanayo nyatiti, zote za nyuzi nane. Wapigaji wa vinubi hivi hawakuwa watu wasiotaka chochote. Nyuzi zilikuwa za mishipa ya wanyama. Ilipopatikana nailoni ya kuvulia samaki wengi waliipokea. Walibadili walipoona faida mkononi. Na mapigo ya nyatiti, pamoja na uchache wa sauti zake, yaliingia katika magitaa ya benga, muziki ambao D. O. Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, ng'ambo ya mpaka, aliueneza mpaka kufa kwake mwaka 2006. Katika benga besi haijifichi nyuma. Hukimbia, hujibu, huvuta. Sauti nane zilizaa hayo yote.

Nitakutajia na mtu wa mbali. James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown, mjini Detroit. Chombo chake mashuhuri kilikuwa Precision ya mwaka 1962: nyuzi nne, sumaku moja, vifundo viwili. Mkono wa kulia alitumia kidole kimoja. Nyuzi hakupenda kuzibadili. Watu wa dunia nzima walicheza kwa kidole hicho bila kujua jina la mwenyewe, kwani kwa miaka mingi wapigaji wa kampuni ile hawakuandikwa kwenye majalada ya sahani. Jina lake lilionekana mwaka 1971. Alifariki mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 47. Simtaji ili uuige umaskini wa vifundo vyake. Namtaja kwa kuwa kifundo ambacho hakuwa nacho hakikumzuia kusema alilotaka.

Sasa wewe waweza kunijibu, na jibu lako lina nguvu: "Bwana, mimi ningali mwanafunzi. Sijui nitakachohitaji kesho. Nikinunua cha leo tu, kesho chombo kitanifunga. Na pengine uzi wa tano wenyewe utanifundisha haja ambayo bado sina." Nakiri kwamba ni kweli. Kuna haja zinazokuja baada ya chombo, kama vile mtu asivyojua njaa ya kitabu asichowahi kukifungua. Kama fedha ingekuwa yako, ningenyamaza hapa, nikakuacha uende na ndoto yako. Kijana asiyejaribu hukomaa vibaya.

Lakini fedha ni ya wale wengine. Kwa fedha yao unanunua sauti itakayowashikilia wao. Mpiga besi husikika zaidi anapokosea kuliko anapopatia. Waimbaji humwegemea kama waegemeavyo ukuta, bila kuugeukia. Siku ya arusi, betri ikifa katikati ya wimbo, na chombo kiwe hakina swichi ya kuipita, gitaa lile la fahari litakuwa kimya, na kwaya itabaki hewani. Nyuzi zikichakaa, seti ya tano ina gharama kuliko seti ya nne, wala sidhani utaikuta katika duka linalouza chumvi na sukari. Haya si makosa ya chombo. Ni gharama, na walipaji hawamo dukani.

Basi fanya hivi. Livae gitaa moja, kisha la pili, kwa muda wa nyimbo mbili nzima, umesimama. Kilo 4 hazina uzito dakika ya kwanza. Achia shingo uone kama yaanguka. Funga macho upige wimbo mnaouimba kila Jumapili, kisha mwombe mwenye duka akubadilishie chombo pasipo kukuambia ni kipi. Muulize nyuzi ni bei gani, na betri hudumu saa ngapi. Halafu toka nje penye kimya, umpigie simu mweka hazina, umweleze kwamba yapo mawili, bei ya kila moja, na ni sauti gani 5 unazozitamani na kwa wimbo upi. Nawe usubiri jibu lake kabla ya kurudi ndani.