Taa iliyowaka ndani ya sanduku lililofungwa

Somo: Yoshua, sura ya 7



Mimi shemasi wenu ninawaletea neno hili nikiwa na haya mbele ya uso wangu. Wengi mnanijua. Siku za kazi mikono yangu ni myeusi kwa mafuta, sababu kazi yangu ni fundi wa umeme wa motokari hapa Lubumbashi. Siku ya ibada ninavaa kanzu nyeupe na kusimama mlangoni kupokea watu. Neno hili linahusu mikono ile na kanzu ile pia.

Motokari kubwa za wakubwa, zile zinazotoka Ulaya zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi, zinapendeza macho. Rangi inang'aa, viti ni vya ngozi, vioo vinashuka kwa kidole. Moteri yake ikitunzwa inaweza kutembea kilomita mamia ya maelfu. Mara nyingi kinachowasumbua wenyewe ni umeme. Motokari ya mtu mdogo ina nyaya chache. Ile ya mkubwa ina moteri ndogo kwa kila kioo na kwa kila kiti, ina taa mlangoni, taa miguuni, taa kwenye sanduku la nyuma, na kompyuta nyingi zinazosemezana. Kila kitu kilichowekwa ili mwenyewe astarehe ni mlango mmoja zaidi ambamo umeme unaweza kutoroka.

Mafundi wa nchi nyingi wanajua habari ya Mercedes-Benz zilizotengenezwa katika miaka ya kwanza ya 1990, mpaka karibu 1995. Plastiki iliyovika nyaya za moteri haikuvumilia joto. Ilikauka, ikapasuka, ikaanguka vipande kama ganda la karanga, waya zikabaki uchi na kugusana. Hizo ni motokari zenye sifa dunia nzima! Ukisimama nje huoni kitu. Hata ukifungua boneti, unaweza kuona mfuko mweusi uliofunika nyaya ni mzima, kumbe ndani yake kumekwisha kuoza.

Sasa sikilizeni habari iliyotupata sisi wenyewe.

Mzee mmoja wa kanisa letu ana motokari ya namna hiyo. Sitasema ni ya kiwanda gani. Katika avenyu yetu ndiyo ilikuwa motokari peke yake, na mzee hakuwa mchoyo. Harusi, matanga, mgonjwa, wote waliijua. Lakini asubuhi nyingine ilikataa kuwaka. Akaniita. Mimi nikapima batri, nikaona ni dhaifu, nikamwambia, «Papa, batri imekufa.» Nikamwuzia nyingine, na faida yangu nikaweka mfukoni. Baada ya miezi michache ubaya ukarudi. Nikaichaji batri, akanilipa. Ukarudi tena, nikaichaji tena, akanilipa tena.

Ndugu zangu, mimi nilijua. Nilisoma umeme shuleni, na ninajua kwamba batri mpya haifi hivi hivi. Kama inakauka motokari ikiwa imesimama, kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Ilinipasa kukitafuta, lakini kukitafuta ni kazi ya masaa mengi na malipo yake ni madogo. Kuuza batri ni kazi ya dakika kumi. Nilichagua ile ya dakika kumi.

Siku zile, katika sala ya usiku, mama mmoja mwenye karama ya ndoto alisimama akasema aliona taa inawaka ndani ya sanduku lililofungwa, na watu wengi wako nje gizani wanalia. Tulifasiri sana. Mmoja alisema ni mtu aliyeficha feza ya kanisa. Mwingine alisema ni mambo ya uchawi. Kila mtu alimtazama jirani yake. Mimi nilimtazama mtunza sanduku la sadaka.

Siku ya kwanza ya juma moja mzee alisafiri kwenda Likasi kwa basi, motokari ikabaki kwenye kiwanja chake siku tatu. Alirudi siku ya nne jioni. Usiku ule ule, mke wa kijana mmoja wetu akashikwa na uchungu wa kuzaa, na damu ikaanza kutoka kabla ya wakati. Watu wakakimbia kwa mzee. Mzee akatoka bila viatu, akaingia, akageuza funguo. Tukasikia tak, tak, tak, halafu kimya. Taa za mbele ya usukani zikazimika zote.

Vijana wanane wakaanza kusukuma. Niliwaambia ni bure, lakini nilisukuma pamoja nao. Motokari ndogo ya vitesi vya mkono ungeisukuma ikawaka. Hizi kubwa za otomatiki haziwaki kwa kusukumwa, hata mkiwa watu mia. Hakukuwa na motokari nyingine ya kutukopesha umeme. Tukamlaza mama yule kwenye kigari cha mikono, kile cha kubebea magunia ya makala, tukamsukuma mpaka hospitali. Tulimulika njia kwa telefone zetu. Mungu ni mwenye huruma, mama alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa mvulana.

Tulimzika siku iliyofuata. Baba yake hakusema neno baya juu ya mtu yeyote. Alinishika mkono akasema, «Asante shemasi, ulisukuma pamoja nasi.» Neno lile lilinichoma kuliko matusi.

Jioni nilichukua batri ile nikaichaji usiku kucha. Asubuhi nikafanya kazi iliyonipasa tangu mwanzo. Nikafungua waya wa masi kwenye batri na kuunganisha kipimo cha umeme kati yao. Nikafunga milango yote, nikangoja nusu saa mpaka kompyuta zote zilale. Motokari iliyolala inakunywa kidogo sana, ampere moja ukiigawanya mara ishirini, inatosha sehemu moja. Hii ilikuwa inakunywa karibu ampere nzima. Basi nikaanza kutoa fizibu moja moja. Ninatoa moja, ninatazama kipimo, ninairudisha. Ninatoa ya pili, ninatazama, ninairudisha. Nilipofika kwenye fizibu ya taa za ndani, kipimo kikaanguka.

Niliirudisha, nikangoja kidogo. Nikaenda nyuma, nikafungua kofre ghafula, nikagusa taa iliyo ndani. Ikaniunguza kidole.

Ilikuwa inawaka siku zote! Kofre ikiwa imefungwa, hakuna jicho lililoweza kuiona. Mwaka uliopita mzee alipakia magunia ya unga, kifuniko kikagonga, na kile kidude kinachozima taa kikapinda. Taa ile ni ya wati 10 tu. Lakini hesabuni pamoja nami: siku tatu ni masaa 72, na kwa masaa hayo taa ya wati 10 inakunywa karibu ampere-saa 60. Batri ile ilikuwa na 74. Yaliyobaki hayakuweza kuzungusha moteri kubwa namna ile. Kidude kile nilikinyoosha kwa koleo, na haikuchukua hata dakika moja. Haikugharimu hata franga moja.

Ndipo nilipokumbuka ndoto ya yule mama. Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi, nikalia.

Wapendwa, fungueni sasa Yoshua sura ya 7. Israeli walikuwa wametoka kushinda Yeriko, mji wa kuta kubwa. Mbele yao ulikuwa mji mdogo, Ai. Wakatuma watu kama elfu tatu tu, wakakimbizwa, na watu 36 wakafa. Yoshua akaanguka kifudifudi, akamlilia Mungu. Mungu akamwambia ainuke, kwa maana kuna kitu kimefichwa kambini. Akani alikuwa amefukia vazi zuri, feza na zahabu chini ya hema lake. Kwa nje hema lile lilikuwa kama mahema mengine. Lakini nguvu za taifa zima zilikuwa zinavuja pale.

Angalieni Mungu alivyotafuta. Hakuwapa Israeli upanga mpya. Aliwapitisha kabila kwa kabila, jamaa kwa jamaa, nyumba kwa nyumba, mtu kwa mtu. Hiyo ni kazi ya fizibu moja moja! Ni kazi ndefu, na inachosha. Mara ngapi sisi tunaikimbia? Kanisa likipoa tunasema, «Tuongeze siku za kufunga.» Ndoa ikipoa mtu anasema, «Niombeeni kwa maji ya baraka.» Kufunga ni kwema, maombi ni mema, kama batri mpya ilivyo njema. Lakini ukiweka batri mpya juu ya shimo linalovuja, utaiua hiyo nayo. Kwanza tafuta taa inayowaka gizani.

Inaweza kuwa deni ambalo unakana. Inaweza kuwa mtoto uliyemzaa nje na hujamtaja. Au chuki juu ya ndugu yako, ambayo unaifunika kwa nyimbo. Wewe unasema ni jambo dogo, wati 10 tu. Ni kweli, kwa siku moja ni ndogo. Lakini hailali. Na siku utakapohitaji nguvu zako zote kwa ajili ya mtu anayekufa, utageuza funguo na kusikia tak, tak. Saa hiyo ndugu wakikusukuma hawatakuwasha.

Jambo lingine. Fizibu ikiungua, usiichukie. Iliungua ili motokari isiungue. Kuna watu wanaoitoa na kuweka waya mnene mahali pake, nao wanafurahi kwamba taa zimerudi. Hao wanatembea na moto ndani. Mke wako anayekukemea, mzee anayekuita pembeni, dhamiri inayokunyima usingizi, hizo ni fizibu zako. Usizitoe.

Tena angalieni namna Yoshua alivyosema na Akani. Alimwita mwanangu, akamwomba ampe Mungu utukufu na kusema yote. Basi na sisi tukimpata mwenye kosa, tumwite kwanza mwanangu. Sisi tuko chini ya damu ya Yesu, si chini ya mawe ya bonde la Akori.

Na mimi ninaanza na hema langu. Nimemrudishia mzee faida yote niliyokula kwenye batri yake na feza zote za kuichaji. Yeye alilia, akasema kosa ni letu sote wawili, maana alijua kifuniko kimegongwa na hakusema. Tulikwenda pamoja kwa baba na mama wa mtoto, tukapiga magoti na kusema yote. Mama yule alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, «Mimi bado sina neno. Mniombee.» Sikumlazimisha kusema amesamehe. Ninamwombea kila siku, na ninyi mwombeeni.

Wababa, wamama, vijana: usiku wa leo, kabla ya kulala, kila mmoja afunge mlango wake na kutoa fizibu zake moja moja mbele ya Mungu. Asianze na za jirani.

Tuombe. Ee Mungu wa baba zetu, wewe unayeona ndani ya sanduku lililofungwa, utupime sisi. Gusa mahali palipo na moto wa siri, hata kama patatuunguza. Mfariji mama aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Utufanye kanisa litakalowaka siku mtu anapobisha hodi usiku. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.