Kuipenda Timu Isiyokujua

Usiku wa Septemba 30, 2014, timu ya besiboli ya Kansas City Royals ilikuwa nyuma kwa pointi 7 kwa 3 mbele ya Oakland Athletics, na mechi ilikuwa imeshafika awamu ya nane kati ya tisa. Ilikuwa mechi ya mtoano, moja tu, anayefungwa anafunga virago. Royals walikuwa hawajaigusa hatua hiyo ya msimu tangu mwaka 1985. Wakarudisha pointi tatu, wakapata ya kusawazisha, mechi ikaburuzwa mpaka awamu ya kumi na mbili, na ilipokaribia saa sita usiku Salvador Perez akaupiga mpira ukapita kando ya mstari wa kushoto. Royals 9, Athletics 8. Seoul, Korea Kusini, ilikuwa mchana wa siku ya pili, saa nane kasoro dakika chache, na watu walikuwa kazini.

Seoul naitaja kwa sababu huko aliishi shabiki wa Royals ambaye mwaka ule magazeti ya Marekani yalimwandika sana. Hakuzaliwa Kansas City wala hakukulia huko. Alianza kuifuata timu hiyo miaka ya 1990, kwa vipande vya mechi alivyoviona kwenye televisheni, akabaki nayo hata ilipokuwa kichekesho: mwaka 2002, kisha 2004, 2005 na 2006, Royals walipoteza mechi 100 au zaidi kati ya 162 za msimu. Agosti 2014 ndipo alipokanyaga jiji hilo kwa mara ya kwanza. Walimpokea kama bwana harusi, wakampa heshima ya kurusha mpira wa ufunguzi, na siku hizo hizo timu ikapanda mpaka kileleni mwa kundi lake. Wenyeji wakasema mgeni ana mguu mwema. Royals walipotinga fainali mwezi Oktoba wakapiga kelele arudi, akarudi. Wakafungwa mechi ya saba na San Francisco Giants, 3 kwa 2. Mguu mwema nao una mpaka wake.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi tamu ya urafiki, nami sina ugomvi na utamu wake. Ila kinaacha swali ambalo utamu haulijibu. Kwa miaka ile yote kabla ya safari, huyu mtu alikuwa anapenda nini?

Tukisema wachezaji, jibu halisimami: kati ya waliocheza usiku ule wa Septemba hakuna aliyewahi kuvaa jezi ya Royals miaka ya 1990. Tukisema uongozi, mwanzilishi wa timu, Ewing Kauffman, alifariki mwaka 1993. Mwaka 2000 akainunua David Glass, na mwaka 2019 ikauzwa tena kwa John Sherman. Tukisema basi ni jiji, hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu zaidi, kwa sababu wale wageni wa Oakland waliofungwa usiku ule waliwahi kuwa timu ya Kansas City. Athletics walianzia Philadelphia mwaka 1901, wakahamia Kansas City mwaka 1955, na msimu wa 1967 ulipokwisha wakahamishiwa Oakland. Royals walianzishwa mwaka 1969 kuziba pengo hilo. Kwa hiyo mechi ya 2014 ilikuwa jiji likiifunga timu iliyolikimbia, ingawa hakuna mchezaji hata mmoja uwanjani aliyekuwa na kosa katika kukimbia huko.

Wachezaji huondoka, tajiri huuza, na mji wenyewe unaweza kuachwa. Kinachobaki ni mfululizo wa matokeo na watu wanaoendelea kuyajali. Hapo besiboli ina tabia ambayo mpira wa miguu hauna: inaandikika. Kila tendo lake linasimama peke yake. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga au anakosa, kila mtu anatulia, tendo linahesabiwa, kisha linaanza jingine. Katika karne ya 19 mwandishi mzaliwa wa Uingereza, Henry Chadwick, alifanya kazi kubwa ya kulistawisha jedwali la mechi, mistari michache ya majina na tarakimu gazetini, ambayo anayejua kuisoma anaweza kuijenga upya mechi nzima kichwani akiwa maili elfu mbali. Jaribu kufanya hivyo na mechi ya Simba na Yanga. Utaambiwa 1 kwa 0, dakika ya 80, na hujaambiwa kitu.

Telegrafu iliyabeba yale yale. Katika miaka ya 1930 redio WHO ya Des Moines, Iowa, ilikuwa na mtangazaji kijana aliyetangaza mechi za Chicago Cubs bila kuwepo Chicago. Jina lake Ronald Reagan, yule yule aliyekuja kuwa rais. Mwendeshaji wa telegrafu alimpa vikaratasi vyenye maneno machache ya mkato, naye akavigeuza kuwa mechi: jua, vumbi, mpigaji anavyojifuta jasho. Reagan mwenyewe alipenda kusimulia siku waya ulipokatika katikati ya mechi. Hakutaka kuwaambia wasikilizaji, maana wangehamia stesheni nyingine, basi akamfanya mpigaji aupige mpira pembeni, nje ya mstari, kisha tena pembeni, na tena. Kanuni zinaruhusu: mpigaji aliyebakiza nafasi moja ya mwisho anaweza kuupiga nje hata mara hamsini na bado hajatolewa. Akaendelea hivyo kwa dakika kadhaa mpaka waya ukarudi.

Wengi hukisimulia kisa hicho kuonyesha kwamba shabiki wa mbali anadanganywa kwa urahisi, kwamba anachokipenda ni sauti ya mtu aliyefungiwa chumbani. Mimi naona kinaonyesha kinyume. Reagan aliweza kubuni mipira ya pembeni. Pointi hakuthubutu kuibuni, wala hakuthubutu kumtoa mpigaji. Alilazimika kukawia papo hapo, akisubiri Chicago iseme kilichotokea kweli. Na msikilizaji wa Iowa naye, pamoja na jua na vumbi vyote vya kubuni alivyopewa, alikuwa ameshikwa na kitu ambacho si yeye wala mtangazaji wake aliyekuwa na uwezo juu yake. Ndoto mtu huipinda atakavyo, na hadithi ikimchosha anaifunga. Timu iliyo mbali humkatalia. Anaweza kuipamba kwa mawazo yake yote, lakini kesho gazeti litaandika kwamba imefungwa.

Leo mambo ni yale yale, vyombo tu ndivyo vimebadilika. Ligi ina programu yake ya simu. Ukiifuata mechi humo bila picha unaona kisanduku kimechorwa mbele ya mpigaji, na kila mpira unaorushwa unatua hapo kama kidoa: cha kijani ukienda nje, chekundu ukihesabiwa dhidi ya mpigaji, cha buluu ukipigwa ukaingia uwanjani. Kidoa cha buluu kikitokea, huja kwanza maneno machache: mpira umechezwa, kuna pointi. Au: mpira umechezwa, ametolewa. Nani kafanya nini, mpira umeangukia wapi, hayo yanakuja sekunde kadhaa baadaye. Ndani ya sekunde hizo mtu wa Seoul yuko ofisini na simu chini ya meza. Wa Dar es Salaam, ikiwa mechi imeanza saa moja usiku kwa saa za Kansas City, yuko kitandani saa tisa na ushei, taa imezimwa asimwamshe mwenzake. Tendo lenyewe limeshakwisha kule uwanjani. Ameshikwa na jambo lililopita, asilolijua bado.

Josiah Royce, mwanafalsafa aliyezaliwa Grass Valley, mji wa machimbo ya dhahabu huko California, na kufundisha Harvard, alitoa mwaka 1908 kitabu kizima juu ya uaminifu. Alishikilia kwamba uaminifu ni mtu kujitoa kwa hiari yake, kwa vitendo na bila kulegalega, kwa ajili ya jambo lililo kubwa kuliko yeye. Hiari shabiki wa mbali anayo kuliko wote. Mtoto wa Kansas City alikuta jezi ya buluu kabatini mwa baba yake, lakini mtu wa Seoul hakulazimishwa na yeyote, na alikuwa na timu nyingine nyingi za kuchagua, zikiwemo zenye vikombe. Kulegalega hakulegalega. Kwenye vitendo ndipo Royce angemkaba. Kitendo gani? Hawezi kuzomea, hawezi kujaza kiti, mayowe yake hayavuki ukuta wa jirani.

Jibu langu ni kwamba kitendo chake ni kuangalia. Najua linasikika dogo. Lakini kumwangalia asiyekujua, mwaka hadi mwaka, katika mechi 162 ambazo nyingi hazina maana yoyote katika msimamo wa ligi, ni kazi. Hakuna anayekuhesabia ukihudhuria, na ukiacha hakuna atakayekuuliza ulikwenda wapi. Ushabiki wetu wa nyumbani una walinzi wengi. Mnazi wa Yanga hathubutu kuhama kwa sababu mtani wake wa Simba yuko dawati la pili, anamsubiri Jumatatu. Hata wapenzi wa Arsenal na Manchester United huku kwetu, walio mbali na London na Manchester, wanaye mtani kwenye banda la kuonyeshea mpira. Yule wa Seoul, kwa miaka ya mwanzo, hakuwa na wa kumtania wala wa kumfariji. Alibaki kwa sababu aliamua kubaki, na kesho yake akaamua tena.

Mwenyeji ana hoja nzito dhidi ya haya yote, nayo si ile ya kawaida ya damu na udongo. Ile ya kawaida imeshavunjwa na matajiri wenyewe. Waulizeni watu wa Oakland. Timu yao iliwapa ubingwa mara nne, 1972, 1973, 1974 na 1989. Juni 2023 walijaa uwanjani makusudi, maelfu kwa maelfu, kumtaka mmiliki, John Fisher, aiuze timu kuliko kuihamishia Las Vegas. Hakuuza. Septemba 26, 2024, watu zaidi ya 46,000 waliitazama ikiifunga Texas Rangers 3 kwa 2, na ikawa mechi ya mwisho pale. Mzee aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda uwanjani akawa shabiki wa mbali bila kuondoka kwenye kiti chake. Sasa kubaki au kuacha ni juu yake, sawasawa na mtu wa Seoul, ila yeye ana kidonda ambacho mwenzake hana. Kisheria timu ni mali ya mtu. Mji ulikuwa mpangaji tu.

Hoja nzito ni ya kodi. Aprili 2024 wapigakura wa Jackson County, wilaya ya Kansas City, waliulizwa kama wanakubali kuendeleza kodi ya mauzo ambayo ingesaidia kuwajengea Royals uwanja mpya katikati ya jiji na kuukarabati wa timu ya futiboli ya Kimarekani, Chiefs. Wakakataa, kwa kura nyingi. Waliokataa si lazima wawe hawaipendi timu. Wapo wanaoipenda na bado wakaona bili ni kubwa, au wakafikiria biashara ndogo ndogo ambazo zingebomolewa kupisha uwanja huo. Mtu wa mbali haulizwi swali hilo. Yeye anaitakia timu uwanja mpya, mshahara mnono wa nyota wake, kila kitu, na hakuna senti itakayotoka kwenye kikapu chake cha sokoni. Mwenyeji akimwambia, "Ndugu yangu, wewe unapenda kwa gharama zangu," hana la kujibu.

Hapo ndipo ninapouona upungufu wa kweli wa ushabiki wa mbali, na si katika wingi wa maili. Yule jamaa aliyemsikiliza Reagan, na yule anayetazama vidoa usiku, wote wanapata mechi iliyochujwa mpaka ikabaki mechi tupu. Harufu ya mji, foleni ya magari, mfanyakazi wa uwanjani anayelipwa kwa saa, mjadala wa kodi, vyote vimeachwa nje ya jedwali la Chadwick. Uchujaji huo ndio unaofanya penzi liwe safi, na ndio unaolifanya liwe jepesi. Sioni njia ya kupata la kwanza bila la pili, isipokuwa mtu ajitaabishe mwenyewe.

Kujitaabisha kwenyewe si kugumu hivyo. Magazeti ya Kansas City na Oakland yanasomeka kutoka popote. Athletics wanachezea West Sacramento, kwenye uwanja mdogo wa kupanga, wakisubiri ule wa Las Vegas ambao mipango inasema utakuwa tayari mwaka 2028, na sehemu ya gharama zake inatoka kwenye fedha za umma wa Nevada. Msomaji uliye na timu ng'ambo, iwe ya besiboli au ya mpira wetu wa miguu, tafuta wiki hii habari moja ya mji wake isiyohusu matokeo: nani analipia uwanja, nani amehamishwa kuupisha, tiketi ya bei ya chini ni kiasi gani. Halafu endelea kushangilia.