Mwenye Kuikataa Kadi ya Mkopo



Katika mas'ala yaulizwayo sana siku hizi, misikitini baada ya sala na barazani penye kahawa, ni haya ya mtu atakaye kutumia kitu cha mtandao kwa ada ya mwezi kwa mwezi, naye akaambiwa aandike nambari za kadi ya mkopo. Yeye hana kadi hiyo, wala haitaki, kwa kuogopa riba. Je, afanye nini? Na akiisha kupata njia nyingine, je, ameokoka na lile aliloliogopa? Swali la kwanza hujibiwa na kijana yeyote mwenye simu. Hili la pili ndilo lenye uzito, na wengi hawalifikiri kabisa.

Na ikadiriwe kuwa yuko mwalimu wa chuo huko Sigi, chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, katika wilaya ya Muheza. Pale ambapo zamani Wajerumani walikuwa na stesheni ya reli yao ndogo iliyopanda kutoka Tengeni kwenda kuchukua magogo, na nyumba ya stesheni ile leo hupokelewa wageni waendao kutazama msitu wa Amani. Mwalimu huyu ana shamba la iliki na mdalasini, na jamaa zake walioko Maskati wamemtaka awasomeshe watoto wao Kur'ani jioni kwa njia ya Zoom. Akaanza kusomesha bila ya kulipa kitu. Lakini Zoom, kwa mwenye kuitumia bure, huyakata mazungumzo zitimiapo dakika 40. Mtoto yumo katikati ya sura, mara sauti imekatika, na mwalimu amebaki akitazama kioo cha simu. Akitaka kusomesha pasi na kukatwa, hana budi kulipa ada, na mahali pa kulipia pataka kadi.

Lipasalo kujulikana kwanza ni kwamba neno hili kadi limefunika vitu viwili mbalimbali. Kadi ya mkopo ni ile ambayo benki humlipia mtu kwa fedha za benki, kisha humwandikia deni. Akilipa deni lote kabla ya siku iliyowekwa, haongezewi kitu. Na akichelewa, au akilipa sehemu tu, huongezewa juu ya kile alichokopa. Ya pili ni kadi ya benki ya kawaida, ile ambayo watu hutolea fedha katika mashine. Hiyo hutoa katika fedha alizoziweka mteja mwenyewe, na zisipokuwapo hukataa. Mahali pa kulipia katika mtandao huandikwa mara nyingi, kwa Kiingereza, kadi ya mkopo, na msomaji akadhani kuwa hii ya pili haikubaliwi. Kumbe ikiwa ina alama ya Visa au Mastercard, na benki imeifungua kwa malipo ya mtandao, nambari zake hupita vile vile. Ni wangapi walioacha jambo la kheri, au walioingia katika la shari, kwa sababu ya maneno mawili matatu yaliyoandikwa juu ya kisanduku!

Husema baadhi ya watu: Kadi ya mkopo ina ubaya gani kwa mtu mwaminifu? Yeye atalipa kabla ya siku yake, na riba haitamfikia kamwe. Hoja hii yasikika kuwa nzuri, na wenye kuisema si wajinga. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa iliitazama katika mkutano wake wa 12 uliofanyika Riyadh mwaka 2000, ikakata shauri katika azimio la 108 kwamba haifai kutoa kadi ya mkopo isiyokuwa na fedha za mteja nyuma yake, wala kuitumia, ikiwa imewekewa sharti la ziada ya riba. Na haifai hata kwa yule aliyenuia kulipa ndani ya muda usio na ziada.

Wengi huiona hukumu hii kuwa ni nzito. Vipi mtu apate lawama kwa riba asiyoilipa? Jawabu yake i katika maana ya mkataba. Mtu akitia sahihi, amesema kwa ulimi wake na mkono wake: Nikichelewa, nitazidisha, na nimeridhika. Hilo ameliahidi leo, ajapokuwa hatalitenda kesho. Na imepokewa kwa Jabir, katika Sahihi ya Muslim, kwamba laana ya riba haikuishia kwa mlaji wake na mtoaji wake tu, bali imemfika hata mwandishi na mashahidi wawili. Watu hao hawakula wala hawakutoa kitu. Kilichowaingiza ni kuusimamia mkataba. Basi ikiwa shahidi amelaumiwa kwa mkataba wa watu wengine, itakuwaje mwenye mkataba wake mwenyewe?

Wako wanavyuoni wa zama hizi waliolegeza kwa mwenye yakini ya kulipa, na haifai kuwatukana. Lakini hiyo yakini iko kwa nani? Mtu wa mshahara wa kila mwezi aweza kuidai. Mkulima wa Sigi hawezi, kwani iliki ina msimu wake, na karafuu ina msimu wake, na mwaka mwingine mvua huharibu, na mwaka mwingine bei huanguka. Na ada ya mtandao haijui msimu, huja kila mwezi tarehe ile ile. Mwenye pato la msimu akifungiwa deni la kila mwezi, siku ya kuchelewa itamfika, na hiyo ndiyo siku ambayo mwenye kadi ameweka faida yake.

Wala asidhani mtu kuwa deni lenyewe ni haramu. Watu wa pwani na wa milimani wamechukuliana mali kauli tangu zamani: mwenye duka humpa mkulima sukari na mafuta na nguo, akangoja hata mavuno, na mkulima akaja akalipa kile kile walichoafikiana. Wafanyabiashara wengi wamesimama kwa uaminifu wa namna hii. Lililokatazwa ni kukiuza kule kungoja, deni likawa laongezeka kwa kupita siku.

Sasa njia ya simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na kwa miaka mingi ilikuwa ni ya kutumiana fedha na kulipia vitu vya hapa hapa. Kisha ikazaliwa kadi isiyoshikika kwa mkono: mteja huiomba katika simu yake, akapewa nambari 16 za kadi, na tarehe ya mwisho wake, na nambari tatu za siri. Vodacom ya Tanzania iliitoa pamoja na Mastercard mwaka 2020, na Safaricom ya Kenya pamoja na Visa mwaka 2022. Mteja hulipa kwa fedha zake mwenyewe. Zoom au mwingine yeyote akija kudai ada na kukuta hamna kitu, hurudi mikono mitupu, na huduma husimama. Hapana aliyemkopesha mtu, na hapana ziada ya deni. Ule ushuru mdogo akatao mwenye mtandao wa simu ni ujira wa kazi yake, mfano wa ujira wa mchukuzi, nao si riba. Shilingi nazo hugeuzwa dola kwa bei ya saa ile ile ya kulipa; na mwenye kutaka usalama na aitazame bei hiyo kabla hajabonyeza, kwani ni haki yake kujua anatoa kiasi gani.

Kwa hiyo mwalimu wetu akiambiwa, Chukua kadi ya mkopo, ni dharura, hoja hiyo haisimami. Dharura ni ya asiyekuwa na njia, na hapa njia iko.

Lakini kabla ya kuijua njia hii, watu wengi hupita nyingine, nayo yataka kusemwa kwa kirefu kwa kuwa huonekana safi. Mwalimu humpigia simu mpwa wake wa Maskati: Mwanangu, nilipie kwa kadi yako, nami nitakurudishia. Mpwa ana kadi ya mkopo, naye kwa kumstahi mjomba hulipa siku ile ile. Mjomba amebaki na mikono mieupe, jina lake halimo katika mkataba wowote wa riba. Je, ameokoka?

Ikiwa hakujua kadi ya mpwa wake ni ya namna gani, hana lawama; na kuuliza si vibaya. Ikiwa alijua, basi amemtuma mwenziwe mahali asipotaka kwenda mwenyewe. Ni kama mtu akataaye kuteka maji katika kisima cha yatima, kisha akampa kijana ndoo na kumwambia, Nenda wewe. Tena kuna jambo la pili lililo karibu zaidi na maisha ya watu. Mjomba alisema atarudisha, msimu ukachelewa, miezi mitatu ikapita, na mpwa anaona haya kudai. Ada ile imekaa katika deni la kadi ya mpwa, na huko yaongezeka. Mjomba aliyeikimbia riba amemtia mtoto wa dada yake ndani yake, wala hana khabari, kwa sababu adabu imemfunga kijana mdomo. Khatari hii ni kubwa kuliko ya kwanza, kwani ya kwanza ni baina ya mtu na Mola wake, na hii ina haki ya mtu ndani yake.

Nayo huondoka kwa maneno machache. Mjomba na atangulize fedha kabla ya kulipiwa, na amwambie mpwa wazi: Lipa kwa kadi ya benki yako ya kawaida, katika mshahara wako, usilipe kwa ile ya mkopo. Hapo mpwa amekuwa wakili tu, na uwakili ni mlango mpana katika sheria.

Yamebaki mawili yaliyomo ndani ya simu yenyewe, nayo humngojea yule aliyejidhania amefika salama.

La kwanza ni mkopo wa kujazia. Salio likipungua, simu humwambia mtu kuwa yaweza kummalizia malipo yake, naye atalipa baadaye. Kenya huitwa Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, na Tanzania iko Songesha ya Vodacom. Maneno yake ni ya upole, na kinachotozwa huitwa ada. Lakini ada ya Fuliza huhesabiwa kwa siku ambazo deni limekaa, na kitu kiongezekacho kwa kukaa kwa deni hakibadiliki kwa kupewa jina la kheri. Basi yule aliyeikataa kadi ya benki kwa miaka kumi, usiku mmoja ada ya Zoom imekaribia na salio ni pungufu kwa shilingi elfu mbili, akabonyeza 1. Alilolikataa kwa Kiingereza amelikubali kwa Kiswahili.

La pili ni gawio. Kwa sharti la Benki Kuu ya Tanzania, fedha za wateja wa simu huwekwa katika akaunti za amana ndani ya benki, na fedha hizo huzaa. Mwaka 2014 Tigo ilianza kuwagawia wateja wake kile kilichozaliwa, na wengine wakafuata. Mteja hapeleki ombi; huona ujumbe tu kwamba ametiliwa kiasi fulani. Husema baadhi ya watu kuwa hiyo ni zawadi ya kampuni, kwa kuwa mteja hakuishurutisha. Na wengine husema asili yake ni riba ya benki, wala haigeuki kwa kupita katika mkono wa mtu wa kati. Watu wa Tanga hunywa maji ya mto Sigi, yakusanywayo katika bwawa la Mabayani. Walipoingia wachimbaji wa dhahabu Sakale, huko juu milimani, miaka ya 2003 na 2004, wakauchafua mto, aliyeko mjini hakuweza kusema kuwa tope lile halimhusu kwa kuwa yeye hakushika jembe. Kauli ya pili, basi, ndiyo yenye salama zaidi: mteja na akitoe kiasi kile kwa maskini au kwa jambo la watu wote, pasi na kutaka thawabu yake, wala asikilipie ada wala zaka. Mara nyingi ni kitu kidogo, cha sabuni au kiberiti. Udogo wake ndio uwafanyao watu wakiache kikachanganyika.

Na yuko mtu mwingine wa kutajwa kwa upesi, ambaye riba haimshughulishi: huiacha kadi yake ya simu tupu makusudi, akachukua mwezi wa bure, kisha akajiandikisha tena kwa jina jingine, na tena kwa jina la tatu. Huyo amesema uwongo mara tatu ili kuokoa fedha za vikombe vya kahawa. Ama mwenye kuacha huduma ya mwezi kwa mwezi ikasimama kwa sababu hakutia fedha, hana deni, kwani huduma nayo imekatwa. Isipokuwa ikiwa aliahidi mwaka mzima na kulipa kwa mafungu, hapo atadaiwa kilichobaki, na kadi tupu haimfichi na ahadi yake.

Mwalimu wa Sigi, basi, anazo njia tatu: kadi ya benki yenye fedha zake, au kadi ya simu asiyoijazia kwa mkopo, au mpwa aliyetangulizwa fedha. Na iko ya nne iliyo nyepesi kuliko zote, na ni ajabu kuwa haitajwi. Watoto wasomao wako Maskati, na baba zao wako huko wakipokea mshahara. Zoom hutazama aliyeuita mkutano, haitazami mwenye kusomesha. Mmoja katika wazee hao na aiandikishe huduma kwa jina lake, alipe kwa kadi ya benki yake, na kila jioni amtumie mwalimu anwani ya mkutano. Mwalimu ataingia kama mgeni, pasi na kadi wala ada, akae ukumbini baada ya sala ya Magharibi, na mtoto aimalize sura yake.