Kazi ya Nywele na Kazi ya Ngozi: Ipi Imfaayo Binti wa Kiislamu?



Tumeletewa swali kutoka Meru. Kwa kuwa la mfano wake latoka Embu pia, na hapa pwani halikosi kuulizwa, tumeona bora tulijibu katika ukurasa huu ili faida iwe ya wote. Muulizaji ni mzazi akaaye Majengo, mjini Meru. Binti yake amemaliza shule na ataka kujifunza kazi ya mkono. Njia mbili zimo mbele yake. Ya kwanza ni kazi ya urembo kwa jumla: kuosha na kusuka nywele, kuzitia rangi, kutengeneza kucha na kupamba maharusi. Ya pili ni kazi ya ngozi peke yake: kusafisha uso, kuondoa chunusi na mabaka, na kuitunza ngozi kwa mafuta na dawa. Kaka wa binti asema kuwa zote mbili ni haramu. Mama asema zote ni halali maadamu zaleta chakula nyumbani. Baba auliza: ipi iliyo bora?

Twaanza na kauli ya kaka. Kuharamisha si jambo jepesi, na asemaye kuwa kitu ni haramu yampasa alete dalili. Kumpamba mwanamke kwa njia ya sharia ni kazi iliyokuwapo zama za Mtume mwenyewe. Bibi Ummu Sulaym ndiye aliyemtengeneza Bibi Safiyya njiani wakati wa kurudi kutoka Khaybar, akampeleka kwa Mtume akiwa bibi harusi. Na Mtume alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo yake na kiatu chake viwe vizuri, alieleza kuwa hicho si kiburi. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mama zetu wa pwani wamewasinga maharusi kwa liwa na kuwapaka hina tangu zamani, na wanavyuoni wetu hawakuwakataza. Basi neno la kaka halina msingi.

Ama neno la mama, nalo lina upungufu. Si kila kiletacho chakula kilicho halali. Mtume amewalaani mwenye kuunga nywele na mwenye kuungwa, mwenye kuchanja mwili na mwenye kuchanjwa, na mwenye kunyonyoa nyusi. Tena alipojiwa na mama mmoja ambaye binti yake, naye ni bibi harusi, nywele zake zilikuwa zimepukutika kwa maradhi, hakumruhusu kumuunga. Laana haimfikii mteja peke yake. Yamfikia na fundi. Hayo yatutosha kujua kuwa mkono ufanyao kazi una hesabu yake mbali na hesabu ya aliyeiomba.

Sasa tuzitazame kazi mbili hizi moja moja.

Katika kazi ya nywele, mtihani mkubwa ni huo wa kuunga. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika madhehebu yetu ya Shafi kuwa kuunga kwa nywele za binadamu ni haramu kwa kila hali. Ama nywele zisizo za binadamu zilizo tohara, asiye na mume hazimfai, na mwenye mume, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, yajuzu kwa idhini ya mumewe. Imam Layth bin Saad wa Misri yeye aliona kuwa katazo ni la nywele kwa nywele, wala haliingii sufi na vitambaa. Nyuzi za kiwandani zinazouzwa leo kwa mafungu katika kila duka la Meru na Embu zinapimwa kwa khitilafu hiyo. Kwa hiyo fundi ajiepushe na nywele za watu bila ya shaka yoyote, na katika hizo nyuzi afuate kauli ya mwanachuoni anayemuamini, wala asiwatukane waliofuata kauli nyingine.

Katika kazi ya ngozi, kusafisha uso na kuondoa chunusi hakuna ubaya. Ni katika kujitibu na kujinadhifisha. Mtihani wake ni kujichubua. Wala jambo hili si geni. Imam Ahmad amepokea khabari ya kulaaniwa mwanamke amchubuaye mwenzake uso kwa dawa na yule achubuliwaye, na ijapokuwa mapokezi yake yana udhaifu, yaonyesha kuwa watu wa kale walikijua kitendo hiki na kukichukia. Ama sisi wa leo twajua zaidi. Zebaki itiwayo katika sabuni na mafuta ya kuchubua huizuia ngozi kutoa rangi yake, kisha huingia mwilini na kuharibu figo, na mama mja mzito humfikishia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni, ikitumiwa muda mrefu bila ya daktari, yaweza kuigeuza ngozi ikawa na weusi wa kibuluu usiotoka. Mafuta yenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Mataifa yalikubaliana mwaka 2013 juu ya Mkataba wa Minamata, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambao maradhi ya zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda yaligunduliwa mwaka 1956. Mkataba ulianza kutumika mwaka 2017, na mwezi wa Novemba 2023 mjini Geneva wakakubaliana kuwa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe ifikapo 2025. Sheria ya Kenya nayo imevikataza vipodozi vya zebaki na vya haidrokwinoni. Na bado makopo yauzwa, kwa kuwa wanunuzi wapo.

Na kwa nini wapo? Kwa sababu mtu mweusi amefundishwa kuichukia ngozi yake. Mwenyezi Mungu ametutajia katika Sura ya Rum kuwa kukhitilafiana kwa rangi zetu ni moja katika ishara zake. Amsaidiaye mwenzake kuifuta ishara hiyo amemdhulumu mara mbili: katika mwili wake na katika nafsi yake.

Hapa ndipo tofauti ya kazi mbili hizi inapodhihiri. Haramu ya nywele yaonekana kwa macho. Nywele za mtu zikiungwa, fundi ajua na mteja ajua. Haramu ya ngozi imefichwa ndani ya kopo. Mteja haijui, na fundi asiyesoma pia haijui, na madhara yake hudhihiri baada ya miezi au miaka. Amepokea Abu Daud na wengineo kuwa mwenye kutibu watu hali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa alichokiharibu. Fundi wa ngozi amesimama mlangoni mwa tabibu, akitaka asitake. Wala msusi hakuokoka kabisa: rangi nyeusi za nywele, ambazo wengine huzipaka mikononi kwa jina la piko badala ya hina, zina dawa iwezayo kubabua ngozi ikafanya malengelenge. Lakini dhamana ya fundi wa ngozi ni kubwa zaidi, na ilimu itakiwayo kwake ni nyingi zaidi.

Huenda mtu akasema: wateja wengi wa Meru na Embu si Waislamu, wakitaka kujichubua, shauri yao. Twajibu kuwa kauli hii ni mbovu. Kanuni ya sharia ya kutodhuru wala kudhuriana haikuulizia dini ya mwenye kudhuriwa. Figo la asiye Mwislamu laharibika kama letu. Na aonapo kuwa fundi Mwislamu humtendea lile asilolitenda kwa nduguye, ataijua dini yetu kwa sura gani?

Basi ipi iliyo bora? Twasema kwamba bora ni ile ambayo binti ataweza kukataa ndani yake. Kila kazi ina ombi ambalo fundi mwaminifu yampasa alirudishe. Mwenye kiti chake mwenyewe aweza kusema, dada yangu, hilo silifanyi, na akapoteza shilingi za siku hiyo. Aliyeajiriwa na mtu asiyejali halali na haramu, kila akataapo hutishwa kufukuzwa, na mwisho hunyamaza, na mkono huzoea. Kwa hiyo swali la kwanza si jina la kazi. Ni hili: nitafanya kwa nani, na je, ataniachia kukataa?

Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kisa cha msusi wa binti wa Firauni. Alikuwa akimchana, chanuo likamponyoka, akalitaja jina la Mwenyezi Mungu. Alipoulizwa kama amkusudia Firauni, akakataa, na kwa kukataa huko akauawa pamoja na wanawe. Usiku wa Israi Mtume alisikia harufu nzuri, akaambiwa kuwa ni harufu ya msusi yule na watoto wake. Alikuwa mtumishi katika nyumba ya jeuri mkubwa, na chanuo lilikuwa mkononi mwake. Kazi yake haikumshusha. Kukataa kwake kulimpandisha.

Kwa binti wa Meru shauri letu ni hili. Aanze na nywele, kwani hukumu zake zajulikana, mtaji wake ni mdogo, na kichwa cha mwanamke chahitaji kusukwa mwaka mzima. Afanye kazi kwa wanawake wenzake, mahali pasipoingia wanaume. Asiishike ngozi ya mtu ila baada ya kusoma barabara na kutahiniwa. Halmashauri ya Mafunzo ya Viwanda, ijulikanayo kwa jina la NITA, huwatahini mafundi kwa madaraja matatu, la tatu ndilo la chini na la kwanza ndilo la juu, basi asiridhike na la chini. Ajifunze kusoma kilichoandikwa juu ya kopo, na kopo lisiloandikwa kilichomo asilifungue. Na akiona kwa mteja bakaa au kidonda asichokijua, ampeleke kwa daktari. Kusema sijui ni nusu ya ilimu.

Na kwa kaka wa binti, na kwa sisi sote, liko neno. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi na kuuacha utabibu, hata miji ikakosa tabibu Mwislamu. Leo wake zetu na dada zetu huenda kusukwa na kusafishwa nyuso, tena wakati mwingine kwa wanaume, kwa kuwa hatukumsomesha fundi wetu. Tukimkataza binti kazi yenye haja, kisha tukawapeleka wake zetu kwa mwingine, tumekataza nini? Afadhali jamaa wa msikiti wamkopeshe mtaji wa kiti na kioo bila ya riba, awe na mlango wake, apate nguvu ya kusema la.

Mwenyezi Mungu awape binti zetu riziki ya halali na mikono ya amani. Wallahu aalam.