Haki ya Kutupa

Chungu kikivunjika, mwenye nyumba hukitupa nyuma ya ua, wala hapana jirani amwulizaye sababu. Udongo umerudi katika udongo. Kwa desturi hiyo tumezoea kuamini kwamba amilikiye kitu amiliki na mwisho wake pia. Nataka kuuliza kama imani hiyo ingali na nguvu juu ya kompyuta, chombo kilichoenea sasa katika shule, zahanati na ofisi za Musoma, Bunda na Butiama, na ambacho umri wake wa kazi aghalabu ni mfupi kuliko wa baiskeli.

Kwanza tutazame kilichomo. Mtu akifuta waraka katika kompyuta hudhani umekwisha. Sivyo. Kwa kawaida kiondolewacho ni jina lake tu katika orodha, kama mkutubi aliyechana kadi ya kitabu akakiacha kitabu rafuni. Maneno yenyewe hubaki katika diski mpaka mengine yaandikwe juu yake, na mtu mwenye programu ifaayo aweza kuyasoma. Tuseme zahanati moja ya Bunda imemwuzia fundi wa sokoni kompyuta kuukuu. Ndani yamo majina ya wagonjwa, maradhi yao, na tarehe walizochukua dawa. Zahanati yadhani imeuza bati na nyaya; kumbe imetoa pia siri ya mke ambayo hata mumewe haijui, na bei ya siri hiyo haikuandikwa katika stakabadhi. Ruhusa ya kuiuza ilitoka kwa nani?

Mwaka 1958 Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliandika juu ya ardhi katika Mali ya Taifa, akishikilia kwamba mtu ana haki ya kuitumia ardhi, wala si ya kuifanya bidhaa. Hakuwa na habari ya diski. Walakini hoja yake yatufaa hapa, pengine kuliko pale alipoielekeza, ingawa najua wako watakaonikatalia. Siri za wagonjwa hazikununuliwa pamoja na mashine. Zahanati iliazimwa kwa kazi ya tiba, na kazi ikisha, kitu cha kuazima hakigeuki kuwa mali ya mwazimaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yaelekea upande huo huo, kwani yamtaka mwenye kukusanya habari za watu azilinde. Lakini sheria iko Dodoma, na diski iko Bunda.

Ulinzi wenyewe si mgumu. Diski izungukayo husafishwa kwa kuandikwa upya yote, mwanzo hata mwisho. Zile mpya zisizozunguka hazitegemeki kwa njia hiyo. Yafaa kutumia amri ya kufutia iliyowekwa na mtengenezaji, au kuzisaga kabisa.

Sasa kiwiliwili chake. Kioo cha skrini za zamani zenye tumbo kina risasi nyingi. Taa za baadhi ya skrini bapa zina zebaki. Na waya zikichomwa ili shaba ipatikane, moshi wake ni sumu. Watu wa Mara hawahitaji kufundishwa zebaki ni nini: wachimbaji wadogo wa Buhemba huitumia kunasia dhahabu. Musoma iko ufukoni mwa Ziwa Viktoria, na mvua haichagui kipi ikichukue jalalani na kipi ikiache. Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za umeme tani milioni 62, na katika hizo zilizojulikana kukusanywa na kutengenezwa upya kwa utaratibu hazikufika robo.

Hapo ndipo wajibu mbili zinapogombana. Mwenye kuchunga siri husema, ponda kila kitu. Mwenye kuchunga ardhi husema, kitumike tena mpaka kichoke. Ofisi nyingi zimekwepa ugomvi kwa kufunga mashine stoo, na zile za serikali zina udhuru, maana mali ya umma haiondolewi bila kibali. Mimi siuoni ufunguo wa stoo kuwa ni jibu. Paa huvuja, mwizi huja, na karani ajuaye kilichomo huhamishwa.

Na zawadi je? Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 wakataza kuingiza Afrika taka za hatari, lakini mashine ingali ikiwaka haiitwi taka. Hivyo shule hupokea kompyuta zilizobakiwa na miaka miwili, kwa picha na makofi, kisha hurithi maziko yake. Sitasema mtoaji ametenda ubaya. Mwanafunzi wa Butiama aliyejifunza juu ya mashine hiyo amepata kitu cha kweli. Nasema ametoa nusu, na nusu ya pili amempa mpokeaji ailipe.

Kwa hiyo fundi wa Bunda asinyimwe riziki yake: apewe mashine ikiwa diski imekwisha kutolewa na kusafishwa mbele ya shahidi, na jambo hilo limeandikwa katika daftari la mali. Kioo na betri asiachiwe yeye, wala jalala. Vyapasa kwenda kwa wenye leseni, na kutoka Musoma mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Nauli ya safari hiyo yafaa itajwe siku ya kununua, au ya kupokea zawadi, wakati mkono wa mtoaji ungali wazi.