Risala ya Mnunuzi na Muuzaji Wasioonana

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeifanya biashara kuwa mlango wa riziki ya halali, na akaweka mizani baina ya watu ili mmoja asimdhulumu mwenziwe. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya utume alikuwa mfanya biashara akiitwa Mwaminifu, na ziwafikie Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baad. Zamani mtu alipokwenda dukani alikishika kitu kwa mkono wake, akakigeuza mbele na nyuma, akapatana bei uso kwa uso, kisha akatoa fedha akachukua chake. Khitilafu ikitokea, mwenye duka alikuwa akijulikana kwake, na kwa babake, na msikiti anaoswali. Leo biashara nyingi hupita katika simu. Mtu wa Lamu huona picha ya kitu kilicho Mombasa, akapeleka fedha kwa M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, kisha akakaa kuungoja mzigo. Hamjui muuzaji illa kwa jina la duka na nyota alizopewa na watu. Na muuzaji naye hamjui yeye illa kwa nambari ya simu. Kwa hivyo magomvi yamekuwa mengi: mzigo umechelewa, mzigo umevunjika, kilichokuja si kile cha katika picha, fedha hazirudi. Na mwisho wa magomvi huwa ni maneno. Mnunuzi huandika hadharani kuwa fulani ni mwizi, na muuzaji humjibu kwa matusi.

Katika magomvi hayo mna haki mbili, na watu wengi huitazama moja tu. Ya kwanza ni haki ya mali, nayo yaweza kulipwa kwa shilingi. Ya pili ni haki ya heshima ya Muislamu, na hiyo hailipwi kwa shilingi. Mtu aweza kuipata haki yake ya kwanza yote, akatoka hali amebeba shingoni deni la ile ya pili, wala hana khabari.

MFANO WAKE

Kama ilivyo desturi ya vitabu vya fiqhi, mnunuzi na aitwe Zaidi, na muuzaji aitwe Amri.

Zaidi ni mshoni wa Lamu. Zimebaki wiki tatu kufika Idi, na cherehani yake ya zamani imekufa. Ameona katika simu cherehani mpya inayouzwa na Amri wa Mombasa, akapeleka shilingi 18,000. Amri akaahidi kuwa itafika kwa siku nne. Mzigo ulipakiwa katika basi mpaka Mokowe, kisha ukavushwa kwa mashua mpaka gati la Lamu, ukamfikia Zaidi siku ya kumi na moja. Alipoufungua aliona gurudumu limepasuka. Akampigia Amri, simu haikupokewa. Usiku ule ule akaandika katika ukurasa wa duka la Amri kuwa ni mwizi na tapeli, akampa nyota moja, na akawataka jamaa zake kumi nao waandike vivyo hivyo, hali hawajapata kununua kwa Amri hata sindano. Asubuhi Amri alipiga simu. Alikuwa amekwisha yaona maneno, akasema: Futa kwanza uliyoyaandika, ndipo nitazame khabari ya cherehani yako.

Basi ni nani mwenye haki? Jawabu ni kuwa kila mmoja ana haki, na kila mmoja amedhulumu.

MAS-ALA YA KWANZA: KUNUNUA KISICHOONEKANA

Katika madhehebu ya Imam Shafi, aliyekufa mwaka 204 wa Hijra (820), kauli yenye nguvu ni kuwa haisihi kuuza kitu maalumu ambacho mmoja wa wapatanaji hakukiona, kwani ndani yake mna gharari, yaani kutojulikana hali ya kinachonunuliwa. Walakini imeruhusiwa bei ya salam, nayo ni kununua kitu chenye kusifika, kilicho katika dhima ya muuzaji, pasina kuainisha hiki au kile. Sharti zake ni kuwa fedha itolewe pale pale wanapopatana, sifa na idadi zijulikane, muda ujulikane ikiwa kuna muda, na mahali pa kupokelea pajulikane ikiwa kukichukua kitu kuna gharama. Bidhaa za kiwandani zenye aina moja na nambari moja, ambazo kimoja hakipambanuki na chenziwe, ndizo zenye kuelekea mlango huu.

Na ikiwa wamepatana kuwa fedha zitalipwa mzigo ukifika, basi yaliyopita simuni ni ahadi tu, na bei hufungwa mlangoni, baada ya mnunuzi kukiona kitu na kukiridhia. Mwenye kuipata njia hii na aishike, kwani ndiyo iliyo mbali zaidi na ugomvi.

Ama picha, ni ulimi wa muuzaji. Akiweka picha ya kitu kizuri akapeleka kilicho duni, amefanya ghishi. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alipita penye chungu ya nafaka sokoni, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikapata umajimaji. Mwenye nafaka akatoa udhuru kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyorowa juu watu wakaiona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Na tazama kuwa mtu yule hakuwa ameiba kitu. Alificha tu upande mmoja wa mali yake. Anayepiga picha upande mzuri akauficha mwingine yu mahali pale pale.

MAS-ALA YA PILI: MZIGO ULIOHARIBIKA NJIANI

Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa, na kanuni yake ni nyepesi: kitu kabla ya kupokewa ki katika dhamana ya muuzaji. Kikipotea au kikivunjika kabla ya kumfikia mnunuzi au wakili wake, khasara ni ya muuzaji. Basi lazima iulizwe: mwenye kuuchukua mzigo ni wakili wa nani? Ikiwa muuzaji ndiye aliyemchagua mwenye basi na kumkabidhi, mkono ule ni mkono wa muuzaji mpaka gati la Lamu. Na ikiwa mnunuzi ndiye aliyesema, Mpe fulani aniletee, basi fulani ni wakili wake, na kumpa yeye ni kama kumpa mnunuzi mwenyewe.

Ama mchukuzi, mkono wake ni mkono wa amana. Halipi illa akipindukia mpaka au akifanya uzembe, kama kuuweka mzigo wa kuvunjika chini ya magunia ya saruji, au kuutupa gatini kutoka katika mashua.

Katika mfano huu Amri ndiye aliyechagua basi, naye alipokea fedha kwa cherehani nzima itakayofika Lamu. Basi dhima yake haijatoka. Yampasa alete nyingine iliyo sawa na sifa walizopatana, au waridhiane kwa gurudumu jipya. Haimfai kumwambia Zaidi akamtafute mwenye basi. Huyo atamtafuta yeye Amri.

Na kuhusu kuchelewa, muuzaji asiahidi siku asizozimiliki. Basi huharibika, bahari huchafuka, na mahamali wana wakati wao. Ni bora aahidi siku kumi akaleta kwa saba, kuliko kuahidi nne akaleta kwa kumi na moja.

MAS-ALA YA TATU: NJIA YA KUDAI

Asili ya hukumu katika sharia ni kuwa mdai alete ushahidi, na mwenye kukana aape. Muuzaji akisema, Umepokea, na mnunuzi akasema, Sikupokea, kauli ni ya mnunuzi, kwani asili ni kutopokea, mpaka muuzaji alete hoja. Lakini mnunuzi akikiri kuwa amepokea, kisha wakakhitilafiana juu ya aibu iliyo katika kitu, kuwa ni ya zamani au imezuka kwake, na yote mawili yawezekana, kauli ni ya muuzaji pamoja na kiapo chake. Basi mnunuzi mwenye akili huufungua mzigo mbele ya aliyeuleta, mbele ya mashahidi, na huupiga picha tangu kabla ya kukata kamba. Wala asikitumie kitu baada ya kuiona aibu yake, kwani kukitumia ni dalili ya kukiridhia. Na mapatano yaandikwe: sifa, bei, siku, na nani abebe khasara ya njiani. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, imekuja kwa sababu ya kuandika madeni.

Kisha madai yana daraja. Kwanza amwambie muuzaji kwa siri na kwa upole, ampe muda wa kujibu. Simu isiyopokewa usiku mmoja si dalili ya wizi. Pili, ikiwa soko lile la mtandaoni lina mwenyewe anayepokea mashtaka, amshtakie. Tatu, watafute mtu mzima wa kuwapatanisha, kwani sulhu ni kheri. Nne, aende mahakamani. Na ijulikane kuwa Mahkama ya Kadhi nchini Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, huhukumu mambo ya ndoa, talaka, urithi na hali za watu, wala haina mamlaka juu ya magomvi ya biashara. Kadhi aweza kusuluhisha tu. Madai ya mali yasiyozidi shilingi milioni moja yana mahakama yake, Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, na ambayo yatakiwa ikate kesi kwa siku 60. Haki ina mlango wake, na mwenye mlango hana haja ya kuruka ukuta.

MAS-ALA YA NNE: MANENO YA MNUNUZI

Desturi ya wanunuzi kuandika sifa za wauzaji ina historia yake. Soko la eBay la Marekani, lililoanza mwaka 1995, liliweka mahali pa watu kuandikiana sifa mwaka 1996, kwani wasioonana hawana njia nyingine ya kuaminiana. Lakini watu wakaingia kulipizana: mnunuzi akiandika kweli mbaya, muuzaji naye humwandikia ubaya. Mwaka 2008 soko hilo likawazuia wauzaji kuwaandikia wanunuzi sifa mbaya. Hii yaonyesha kuwa neno likiachwa bila ya mpaka, hata lile lililowekwa kwa kuleta uaminifu huuharibu.

Sharia imeuweka mpaka huo zamani. Asili ya kumtaja mtu kwa alichukialo ni usengenyi, nao ni haramu. Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja sababu sita zinazouhalalisha, na miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kumshtakia mwenye kuweza kumwondolea dhuluma, na kuwahadharisha Waislamu na shari. Fatima binti Qays alipoposwa na watu wawili akamtaka shauri Mtume (S.A.W.), alimweleza aibu ya kila mmoja iliyohusu ndoa: huyu hana mali, na yule ni mkali kwa wake. Wala hakuzidisha juu ya hayo. Hicho ndicho kipimo: kweli, na kwa kadiri ya haja, na kwa nia ya nasaha.

Basi lau Zaidi, baada ya kudai na kungoja, angaliandika kuwa ameahidiwa siku nne ikaja kwa kumi na moja, na kuwa gurudumu limefika limepasuka, na kuwa hajalipwa mpaka siku ile, asingalikuwa na dhambi. Bali huenda akapata thawabu kwa kuwanasihi wenziwe. Lakini kusema “mwizi” ni kudai aliyoyaficha mtu moyoni, na Zaidi hana ushahidi wake. Ama wale jamaa kumi, wameshuhudia wasiyoyaona. Mtume (S.A.W.) alipokuwa akiyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, alipofika penye ushahidi wa uwongo akainuka akakaa, akalikariri neno lile mpaka Sahaba wakatamani lau angalinyamaza. Nyota moja ya uwongo ni ushahidi wa uwongo, ijapokuwa imebonyezwa kwa kidole kimoja.

MAS-ALA YA TANO: YAMPASAYO MUUZAJI

Muuzaji asiifanye haki ya mtu kuwa rahani. Aliposema Amri, Futa kwanza, alizuia deni linalompasa kwa sababu ya jambo jingine, na hiyo ni dhuluma. Mtu mmoja alikuja kumdai Mtume (S.A.W.) ngamia kwa maneno ya ukali, hatta Sahaba wakataka kumtia adabu. Mtume akawazuia, akawaambia kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru apewe ngamia bora kuliko wake. Muuzaji aliyesoma maneno makali na aanze hapo: alipe, kisha adai heshima yake.

Wala asinunue sifa. Kuwapa watu fedha waandike mema ya kitu wasichokitumia ni ndugu wa najshi, yaani kupandisha bei ya kitu bila ya nia ya kukinunua, ili mwengine adanganyike, na Mtume (S.A.W.) ameikataza. Hata Marekani, tangu Oktoba 2024, kuna kanuni ya serikali inayokataza kuuza na kununua sifa za uwongo.

Na mnunuzi akijuta bila ya aibu yoyote katika kitu, si wajibu kumrudishia fedha. Lakini mwenye kumkubalia ameahidiwa kuwa Mwenyezi Mungu atamsamehe makwazo yake Siku ya Kiama.

KHATIMA

Basi Amri na alete cherehani nzima, au alete gurudumu wakiridhiana, na amtake radhi Zaidi kwa ahadi aliyoivunja. Na Zaidi na alifute neno la wizi, aandike pale pale alipoandika kwanza, waliposoma watu, kuwa hakuwa na ushahidi wake, na kuwa haki yake imelipwa. Na wale jamaa kumi wafute yao, na wote wamwombe Amri msamaha. Toba ya dhambi iliyotangazwa haitoshi kufanywa chumbani, kwani aliyesoma jana hakusikia toba ya leo.

Mtume (S.A.W.) aliwauliza Sahaba: Muflisi ni nani? Wakadhani ni asiye na dirhamu. Akawaeleza kuwa ni yule ajaye Siku ya Kiama na swala na saumu na zaka, hali amemtukana huyu, amemsingizia yule, amekula mali ya huyu. Kila mmoja akapewa katika mema yake, mpaka yakaisha, akatwikwa madhambi yao. Shilingi 18,000 ni nyingi kwa mshoni. Lakini ni ghali mno kuzirudisha kwa Ramadhani nzima ya mtu.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu kauli ya kweli na mkono wa amana, awatoshe kwa halali yake wasiihitaji haramu yake, na awapatanishe wenye kugombana kabla ya siku isiyo na sulhu. Amin. Wallahu aalam.