Muulizeni Kwanza Mwenye Nyumba

Wanangu mlioko Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo, nasikia mnapanga kufunga vihisi vya mwendo na vya mlango katika nyumba za wazazi wenu huku Kibosho, Marangu na Machame. Nia yenu ni njema. Kihisi cha namna hiyo hakipigi picha. Hutambua tu kwamba mtu amepita au mlango umefunguliwa, kikapeleka taarifa kwenye simu yako. Mzee akikawia kitandani kuliko kawaida yake, utajua mapema.

Haja ipo. Watafiti walipowapima wazee wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya wilaya ya Hai, walikuta takriban 6 katika kila 100 wana maradhi ya kusahau. Mzee wa namna hiyo aweza kutoka usiku akapotelea migombani.

Lakini kabla hujashika bisibisi, keti na mama. Mweleze kifaa kinatambua nini, nani atasoma taarifa zake, na kwamba akikichoka kitaondolewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka mkusanya taarifa amweleze mwenyewe madhumuni yake. Ikiwa mgeni anadaiwa hivyo, mtoto aliyezaliwa katika nyumba hiyo anadaiwa zaidi. Mama akikataa, sikiliza sababu. Huenda hataki mkwewe ajue saa anazoamka kwenda chooni. Basi kubalianeni: kihisi kikae sebuleni na mlangoni, chumbani kisiingie, na taarifa zimfikie mtoto mmoja anayemwamini.

Tazameni pia maisha ya kihambani, shambani pa nyumbani. Mchana kutwa mama yuko nje: anakata majani ya ng'ombe, anapika jiko la nje, anakwenda kwa jirani. Kifaa cha ukutani kitasema nyumba i kimya, nawe utahangaika bure. Umeme au mtandao ukikatika, taarifa hazifiki.

Na simu yako ikilia usiku huko Dar, nani atakimbia? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kabla ya kununua kifaa, tafuta mtu wa karibu ambaye mzee mwenyewe anamkubali: ndugu wa kihamba cha pili, au jirani. Mwachie ufunguo, namba yako, na fedha ya gari la kumfikisha mgonjwa hospitali ya Mawenzi au KCMC.

Na Desemba mkipanda kuja nyumbani, muulizeni tena kama bado anakitaka.